Jinsi ya Kusaka Habari za Besiboli Kwenye Hifadhi za Mtandaoni

Ni michezo michache iliyoandikwa kwa undani kama besiboli. Katikati ya karne ya 19, Henry Chadwick, mwandishi mzaliwa wa Uingereza aliyekulia New York, alishaanza kuchapisha majedwali yanayoonyesha kila mchezaji alifanya nini katika kila mechi. Magazeti ya Marekani yakaendelea na kazi hiyo kila siku ya msimu, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo anayetafuta habari za mchezo huu hasumbuliwi na uhaba. Kinachomsumbua ni wingi, tena wingi wenye maneno yanayopingana.

Wengi huandika jina la mchezaji kwenye Google, wanaokota tarakimu ya kwanza wanayokutana nayo, wanaondoka nayo. Tarakimu hiyo inaweza kuwa sahihi. Lakini kama hujui imetokana na mechi zipi na nani alizihesabu, huna ushahidi mkononi, una uvumi wenye desimali. Mwongozo huu unakuonyesha njia ya kuifuata tarakimu mpaka kwenye mechi yenyewe, na kutoka kwenye mechi mpaka kwenye gazeti la siku ile.

Hatua ya kwanza: geuza swali lako liwe tarehe

"Nataka kujua habari za Jackie Robinson" si swali ambalo hifadhi inaweza kulijibu. "Robinson alifanya nini katika mechi yake ya kwanza ya ligi kuu?" linajibika, kwa sababu nyuma yake kuna siku moja, uwanja mmoja na timu mbili: 15 Aprili 1947, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn Dodgers dhidi ya Boston Braves. Ndiyo siku ambayo Robinson alivunja kizuizi kilichowafungia wachezaji weusi nje ya ligi kuu.

Hifadhi karibu zote za besiboli zimepangwa kwa tarehe. Magazeti yamepangwa kwa tarehe, majedwali ya mechi kwa tarehe, na picha nyingi nazo kwa mwaka. Jina ni ufunguo dhaifu. Majina yanafanana, yanakosewa tahajia, yanabadilika, na wakati mwingine ni ya uongo. Eddie Collins, ambaye baadaye aliingizwa kwenye Jumba la Umaarufu (jumba la kuwaenzi magwiji wa besiboli), alianza kuichezea Philadelphia Athletics mwaka 1906 akijiita Sullivan, maana alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu na hakutaka kupoteza sifa ya mchezaji wa ridhaa. Ukimtafuta Collins kwenye magazeti ya mwaka huo hutampata. Ukitafuta mechi, utamkuta amesimama pale pale chini ya jina la mtu mwingine.

Kabla hujafungua tovuti yoyote, andika kwenye karatasi vitu vinne: mwaka, timu, mji, na kipande cha msimu (mwanzo, katikati, mwisho). Ukiwa na viwili tu, vingine vitapatikana kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya pili: anzia kwenye kanzidata

Tovuti mbili zitakutosha kuanzia. Ya kwanza ni Baseball-Reference, iliyoanzishwa na Sean Forman mwaka 2000. Kila mchezaji aliyewahi kukanyaga uwanja wa ligi kuu ana ukurasa wake pale. Ya pili ni Retrosheet, ambayo Dave Smith, profesa wa baiolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, aliianzisha mwaka 1989 akiwa na lengo moja: kukusanya rekodi ya kila tukio la kila mechi iliyochezwa, tukio kwa tukio. Watu wa kujitolea wamekuwa wakinakili daftari za waandishi na za timu tangu wakati huo. Baseball-Reference ni nzuri zaidi kwa macho na ni rahisi kuvinjari. Retrosheet inaonekana kama tovuti ya zamani, lakini mara nyingi ndiyo chemchemi ambayo wengine wanachota.

Jifunze jinsi anwani za kurasa zinavyoundwa, maana hapo utaokoa muda mwingi. Kwenye Baseball-Reference, msimbo wa mchezaji huundwa kwa herufi tano za kwanza za jina la ukoo, herufi mbili za jina la kwanza, na tarakimu mbili. Babe Ruth ni ruthba01. Hank Aaron ni aaronha01. Jackie Robinson ni robinja02, na hiyo 02 inakuonya kwamba yuko mwingine mwenye herufi zilezile. Usiipuuze tarakimu hiyo. Watu wamechanganya wachezaji wawili kwa sababu yake.

Mechi nazo zina msimbo wake: herufi tatu za timu mwenyeji, mwaka, mwezi, siku, na tarakimu moja mwishoni. Mechi ya Robinson ni BRO194704150. BRO ni Brooklyn, kisha 1947, 04, 15, halafu 0. Sifuri hiyo maana yake siku ile timu hizo zilicheza mechi moja tu. Zamani timu zilikuwa zikicheza mara mbili siku moja kwa mara nyingi sana, na hapo utakuta 1 kwa mechi ya kwanza na 2 kwa ya pili. Ukishaushika mpangilio huu, unaweza kuandika anwani ya mechi mwenyewe bila kupitia kurasa tano za kati.

Kama unataka kufanya hesabu zako mwenyewe badala ya kusoma za wengine, pakua kanzidata ya Sean Lahman, ambayo ni mafaili ya majedwali yanayofunguka kwenye Excel au programu yoyote ya aina hiyo. Inakupa takwimu za msimu kwa msimu. Mafaili ya Retrosheet ni ya kina zaidi ila yanahitaji subira na ujuzi kidogo wa kompyuta. Kwa mechi za siku hizi, Baseball Savant ina vipimo vya mfumo wa Statcast uliofungwa kwenye viwanja vyote vya ligi kuu kuanzia 2015: kasi ya mpira, pembe ya pigo, mwendo wa mkimbiaji. Kwa mambo ya kabla ya hapo haitakusaidia sana.

Hatua ya tatu: jifunze kulisoma jedwali la mechi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ni kosa. Jedwali la mechi si pambo la takwimu. Ukijua kulisoma linakusimulia mchezo mzima.

Chukua hilo la 15 Aprili 1947. Robinson amepangwa wa pili kupiga, anacheza besi ya kwanza. Safu yake inasema: zamu tatu za kuhesabika, mkimbio mmoja (pointi anayoipata mchezaji akizunguka besi zote, yaani vituo vya uwanjani, mpaka nyumbani), hiti sifuri (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji besi salama bila kosa la wapinzani). Mtu asiyejua atasema alicheza vibaya siku ya historia. Fungua rekodi ya matukio uone kipindi cha saba. Robinson anagusa mpira kidogo kwa gongo ili kumsogeza mwenzake, Braves wanafanya kosa katika kuurusha, naye anafika besi salama. Pete Reiser anapiga pigo la besi mbili, na Robinson anakimbia mpaka nyumbani. Dodgers wakashinda 5 kwa 3. Yote hayo yamefichwa nyuma ya "hiti sifuri".

Kwenye magazeti ya zamani utakutana na vichwa vya safu kama AB, R, H, O, A, E. Ni zamu za kupiga zinazohesabika, mikimbio, hiti, auti (kuondolewa kwa mpigaji au mkimbiaji wa wapinzani) alizokamilisha mchezaji, pasi zilizosaidia kupata auti, na makosa. Kando ya jina kuna nafasi uwanjani: p ni mrushaji, c ni mdakaji, 1b ni besi ya kwanza, ss ni yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, na lf, cf na rf ni walinzi watatu wa nyuma. Kwenye rekodi za matukio nafasi hizo hugeuka tarakimu 1 hadi 9, kuanzia mrushaji (1) na mdakaji (2) hadi mlinzi wa kulia nyuma (9). Ukisoma 6-4-3, mpira umetoka kwa ss kwenda besi ya pili kisha besi ya kwanza, na kwa kawaida hapo auti mbili zimepatikana kwa mpigo mmoja.

Kuna kipimo ambacho waandishi wa zamani walikitumia na bado hakijazeeka. Jumlisha zamu zote ambazo timu ilisimama kupiga, pamoja na waliopewa besi bure, waliogongwa na mpira na waliojitoa kafara (waliokubali auti ili kumsogeza mwenzao). Jumla hiyo lazima ilingane na mikimbio ya timu hiyo, ukiongeza wachezaji walioachwa kwenye besi, ukiongeza auti zilizokamilishwa na timu pinzani. Isipolingana, jedwali lina kosa la chapa au la mwandishi. Angalia pia auti. Mechi ya vipindi tisa inatoa auti 27 kwa kila upande, ila timu ya wageni hukamilisha 24 tu pale mwenyeji anapoongoza na hana haja ya kupiga kipindi cha tisa. Mechi ya Robinson ni ya aina hiyo: Dodgers walikuwa nyumbani na walikuwa mbele, kwa hiyo auti walizokamilisha Braves ziwe 24. Ukikuta 27, simama ujiulize.

Hatua ya nne: ingia kwenye magazeti

Sasa una tarehe, timu na matokeo. Hapo ndipo magazeti yanapoanza kuzaa matunda, na hapo ndipo ninapopenda kukaa.

Anza na ya bure. Maktaba ya Bunge la Marekani ina Chronicling America, mkusanyiko mkubwa sana wa magazeti kutoka majimbo mengi, na huhitaji kujisajili. Kwa Brooklyn, maktaba ya umma ya huko imeweka mtandaoni Brooklyn Daily Eagle kuanzia 1841 hadi 1955, bure. Kwa New York na majirani zake kuna fultonhistory.com, kazi ya mtu mmoja mwenye moyo wa chuma. Sura yake inatisha na kisanduku chake cha kutafutia kina tabia zake, lakini kuna magazeti pale usiyoyapata kwingine. Maktaba ya kidijitali ya LA84 Foundation ina Sporting Life, gazeti la kila wiki la Philadelphia, la kuanzia miaka ya 1880 hadi 1917, pamoja na matoleo ya Baseball Magazine. Hifadhi za kulipia kama Newspapers.com zina zaidi, ila kwa ushauri wangu maliza za bure kwanza. Ukilipia kabla hujawa na tarehe, utateketeza mwezi wa kwanza ukipepesuka.

Kisha ujue mambo haya kuhusu kutafuta.

Mechi ya leo iko kwenye gazeti la kesho. Gazeti la asubuhi litaibeba siku inayofuata. Gazeti la jioni linaweza kuibeba siku ile ile, lakini vipindi vya mwisho vikiwa havijaingia. Magazeti ya kila wiki, kama Sporting Life na Sporting News, yanaweza kuchelewa wiki nzima au zaidi. Weka dirisha la siku tatu kwa magazeti ya kila siku na wiki mbili kwa ya kila wiki.

Andika kama walivyoandika wao. Katika karne ya 19 mchezo wenyewe uliandikwa maneno mawili, "base ball", wakati mwingine kwa kistari katikati. Mji wa Pittsburgh ulipoteza herufi yake ya mwisho rasmi kati ya 1891 na 1911, kwa hiyo mechi za Honus Wagner, nyota wa timu ya mji huo, za miaka yake bora zitafute kwa "Pittsburg". Majina ya timu nayo yamebadilika mno. Yankees waliitwa Highlanders kabla ya 1913. Red Sox waliitwa Americans mpaka 1907. Cleveland waliitwa Naps kwa heshima ya Nap Lajoie, nyota na kocha wao, mpaka alipoondoka baada ya msimu wa 1914. Timu ya Brooklyn kati ya 1914 na 1931 waandishi waliiita Robins, kwa jina la kocha wao Wilbert Robinson. Ukitafuta "Dodgers" katika gazeti la 1920 utakosa mengi yaliyo mbele ya macho yako.

Usitegemee jina la utani, wala jina kamili. Magazeti yalitaja jina la ukoo peke yake, na kwenye jedwali safu ilikuwa nyembamba, kwa hiyo majina marefu yalikatwa katikati kwa alama ya ritifaa. McGraw unaweza kumkuta kama M'Graw. Mtafute Babe Ruth mwaka 1914 kwa neno "Ruth" pekee na utapata kitabu cha Biblia, maigizo, na wasichana waliofunga ndoa wiki hiyo. Ongeza "Baltimore" na "pitcher", kwa sababu mwaka ule alianza akiwa mrushaji wa Baltimore Orioles kabla ya kuuzwa Boston mwezi Julai, na msitu unafyekeka mara moja.

Kumbuka kwamba unatafuta kwenye maandishi yaliyosomwa na mashine kutoka kwenye picha ya karatasi kuukuu. Mashine huchanganya e na c, huona "m" pale palipo na "rn", na majedwali ya mechi huyavuruga kabisa kwa sababu ya herufi ndogo na safu zilizobanana. Kwa hiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote ni hii: usimtafute mchezaji unayemtaka. Mtafute mwenzake mwenye jina lisilo la kawaida aliyecheza mechi hiyo hiyo, au mwamuzi, au jina la uwanja. Yakishindikana yote, acha kisanduku cha kutafutia. Fungua gazeti la tarehe yako, nenda kwenye ukurasa wa michezo, usome kwa macho. Kwa kuwa tayari una tarehe, kazi hiyo ni ya dakika chache, na macho yako yanaishinda mashine.

Hifadhi ya magazeti ya Google nayo isikupite. Google waliacha kuongeza magazeti mwaka 2011 na kutafuta ndani yake ni kubahatisha, lakini picha zilizokwishapakiwa bado zinasomeka ukizipitia kwa tarehe. Humo ndimo yalimo matoleo mengi ya Afro-American la Baltimore, ambalo utalihitaji kwenye hatua inayofuata.

Ligi za Weusi zina njia yake

Kabla ya 1947, wachezaji weusi walizuiwa kwenye ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60, wakajenga ligi zao. Rube Foster aliongoza kuundwa kwa Negro National League huko Kansas City mwezi Februari 1920. Takwimu za ligi hizo hazikuwekwa na ofisi moja yenye daftari kubwa. Zilitawanyika kwenye magazeti, na magazeti ya wazungu mara nyingi hayakujali kuzichapisha.

Anzia kwenye Seamheads, kanzidata iliyojengwa na watafiti waliopekua majedwali ya magazeti moja baada ya jingine. Tarehe 16 Desemba 2020 ligi kuu ya Marekani ilitangaza kuzitambua ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi kwenye rekodi. Siku hiyo Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, akawa kinara wa wastani wa kupiga (hiti zikigawanywa kwa zamu za kuhesabika) wa maisha kwa .372, akimpita Ty Cobb.

Kuna mtego hapo wa kuujua mapema. Maandishi kwenye bamba la Gibson katika Jumba la Umaarufu yanasema alipiga homurani karibu 800 (homurani ni pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kufika nyumbani). Ukifungua kanzidata, homurani zake hazifiki 200. Hakuna aliyedanganya. Bamba linahesabu mechi za ligi pamoja na mechi za kirafiki na za kuzunguka miji, ambazo zilikuwa sehemu kubwa ya riziki ya timu hizo. Kanzidata inahesabu mechi za ligi zilizopatikana ushahidi. Hesabu hiyo bado inasogea kila mtafiti anapopata jedwali lililokuwa limepotea, kwa hiyo unapoinukuu andika na tarehe uliyoiona.

Kwa magazeti, nenda Chicago Defender, Pittsburgh Courier na Afro-American. Mengi yako kwenye hifadhi za kulipia, ila maktaba za vyuo vikuu hulipia kwa niaba ya wasomaji wake, na maktaba nyingi za umma nazo hufanya hivyo. Uliza kabla ya kutoa pesa yako. Magazeti haya yalitoka kila wiki, yakapigwa chapa kwa ajili ya wasomaji wa nchi nzima, hivyo toleo moja linaweza kuwa na mechi za wiki nzima zilizorundikwa pamoja bila tarehe iliyo wazi. Linganisha na gazeti la kila siku la mji ilipochezwa mechi.

Hifadhi zinapogombana

Swali "Ty Cobb alipata hiti ngapi?" lina majibu mawili yenye wafuasi. Rekodi rasmi ya ligi inasema 4,191. Baseball-Reference inasema 4,189. Ukilielewa jambo hili moja, umeelewa nusu ya kazi ya utafiti wa besiboli.

Mwaka 1910 Cobb wa Detroit na Lajoie wa Cleveland walikuwa wakikabana koo kuwania ubingwa wa wastani wa kupiga, na kampuni ya magari ya Chalmers iliahidi gari kwa mshindi. Siku ya mwisho Cleveland walicheza mechi mbili huko St. Louis. Kocha wa St. Louis, Jack O'Connor, alimwamuru kijana aliyelinda besi ya tatu asimame nyuma kabisa, na Lajoie akawa anagusa tu mpira kuelekea huko na kufika besi bila jasho. Akapata hiti nane siku hiyo. Kashfa ikalipuka, O'Connor akafukuzwa, ligi ikamtangaza Cobb mshindi kwa kiduchu, na Chalmers wakawapa wote wawili magari.

Miaka mingi baadaye mtafiti Pete Palmer alipekua daftari za ligi na kugundua kwamba mechi moja ya Detroit ya Septemba 1910, ambayo Cobb alipata hiti mbili katika zamu tatu, ilikuwa imeandikwa mara mbili. Sporting News wakaichapisha habari hiyo mwaka 1981. Ondoa hiti hizo mbili, na Lajoie anampita Cobb kwa msimu ule. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, alikataa kubadilisha rekodi. Watafiti, kwa upande wao, wakabadilisha za kwao.

Madhara yake yalifika mbali. Pete Rose alishangiliwa Cincinnati tarehe 11 Septemba 1985 alipopata hiti ya 4,192 na kumpita Cobb. Kwa hesabu iliyosahihishwa, alikwishampita siku tatu kabla, tarehe 8, akiwa ugenini Chicago.

Somo la kiutendaji: tofauti ndogo kati ya hifadhi mbili, hiti moja au mbili, mara nyingi ina chanzo kinachojulikana na kilichoandikwa mahali. Tafuta chanzo hicho badala ya kuchagua tarakimu inayokupendeza. Tofauti kubwa, kama ya homurani za Gibson, kwa kawaida maana yake hifadhi hizo zinahesabu vitu tofauti. Kuna na marekebisho ambayo ligi yenyewe iliyakubali: mwaka 1999 mikimbio ambayo Hack Wilson aliwezesha kwa mapigo yake msimu wa 1930 ilipandishwa kutoka 190 hadi 191. Kitabu chochote cha kabla ya hapo kitakupa 190, na hakijakosea kwa wakati wake.

Wasifu, picha na kurasa zilizokufa

Kwa maisha ya mchezaji nje ya takwimu, nenda SABR, jumuiya ya watafiti iliyoundwa Cooperstown mwaka 1971. Mradi wake wa wasifu una maelfu ya makala yenye tanbihi, na ni bure kusoma. Zisome tanbihi kabla ya makala, maana ndizo zitakazokupeleka kwenye gazeti lenyewe.

Picha ziko Maktaba ya Bunge: kadi zaidi ya 2,000 za mkusanyiko wa Benjamin K. Edwards, za kati ya 1887 na 1914, na picha za shirika la habari la Bain. Maelezo ya Bain yana makosa ya majina, na maktaba ilipozipakia Flickr mwaka 2008 wapenzi wa besiboli walianza kuyasahihisha kwenye maoni. Yasome maoni hayo.

Miongozo ya besiboli ya kila mwaka ya kampuni ya Spalding iko Internet Archive, bure. Hapo hapo kuna Wayback Machine, ambayo huhifadhi nakala za kurasa zilizofutwa. Ukikuta kiungo kilichokufa, bandika anwani yake humo.

Kwa besiboli ya Japani, tafuta kwa maandishi ya Kijapani kwenye tovuti ya ligi yao, npb.jp. Homurani 868 za Sadaharu Oh ziko huko, na hazijumlishwi na za Marekani.

Weka nyayo zako

Kila unachokipata kiandikie jina la gazeti, tarehe, ukurasa na safu, na pakua picha ya ukurasa mzima, usikate kipande tu. Tarehe na jina la gazeti huwa juu ya ukurasa, na kipande kilichokatwa hakina vyote viwili. Kanzidata inabadilika kila msimu, hivyo andika na siku uliyoifungua.

Kuhusu haki miliki, kilichochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru kutumika. Cha baadaye kikague. Retrosheet wanaruhusu data zao kutumika hata kibiashara, ila wanadai uweke tamko lao la umiliki mahali panapoonekana. Liko kwenye tovuti yao, linakili lilivyo.

Na ukigundua kosa, usilikalie. Retrosheet huchapisha orodha za sehemu ambazo hesabu zao zinatofautiana na rekodi rasmi, kwa hiyo pitia orodha hiyo kwanza kama kosa lako halijaonekana tayari. Kama halimo, waandikie ukiwa na tarehe ya mechi, timu zote mbili, na picha za kurasa za magazeti mawili ya miji tofauti. Gazeti moja halitoshi, kwa sababu mwandishi wa Brooklyn na mwandishi wa Boston walikaa jukwaa moja na bado waliandika makosa tofauti.